Mdogo wangu, andika siku zako

Ujumbe niliopokea Jumatatu nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Umetoka kwa msichana anayeishi Gatina, Kawangware. Nitausimulia kwa maneno yangu, maana nimemwahidi sitatoa chochote cha kumtambulisha.

Anafanya kazi katika fleti moja upande wa Lavington, siku 5 kwa wiki. Anaingia saa 1 asubuhi, anafua, anadeki, anapika, anamchukua mtoto shuleni saa 9 alasiri, na anatoka mama wa nyumba akirudi, iwe saa 12 jioni au saa 2 usiku. Malipo ni Sh9,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita mama huyo alimwita jikoni, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kabisa: "Unaona vile uchumi umekuwa mbaya. Kuanzia mwezi huu nitakuwa nakupa 7,000." Naye akajibu, "Sawa, mama." Kisha akatembea kwa miguu hadi Kawangware akilia njia nzima, na alipofika akaosha uso kwenye karai nje ya mlango ili mtoto wake asimwone hivyo.

Swali lake si la sheria. Anauliza: "Dada, nikikataa, nitapata wapi nyingine?"

Mdogo wangu, nimekusikia. Sitakwambia uvumilie, na sitakwambia uondoke kesho. Maneno hayo ni mepesi mdomoni mwa mtu ambaye hadaiwi kodi ya nyumba tarehe 5. Nataka tukae tuzungumze polepole, kwa sababu nikiangalia jumbe zenu za miezi hii, kutoka Kibera na kutoka Kawangware, nyingi zinafanana na huu. Mshahara umepunguzwa, au umecheleweshwa, au haukuwahi kutajwa waziwazi tangu mwanzo, na kila mtu akiuliza anajibiwa kwa neno moja: uchumi.

Kwanza nikwambie yaliyonipata mimi.

Nikiwa na miaka 21 nilikuwa nimepanga chumba Laini Saba na nilikuwa nafua nguo katika nyumba moja Ngumo. Tulikubaliana malipo ya siku, lakini pesa nilipewa mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja pasi iliungua nikiwa nimeishika. Waya wake ulikuwa umechanika na kufungwa kwa kipande cha nailoni tangu kabla sijafika pale. Mwisho wa mwezi nikakatwa bei ya pasi mpya, na juu ya hayo nikaambiwa nilikuja siku 9 tu. Nilijua nilikuja 14. Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, lakini vidole si ushahidi. Sikuwa na chochote cha kuonyesha. Nikapokea nilichopewa, nikasema asante.

Jioni hiyo nilipitia kwa mama aliyekuwa akikaanga mandazi karibu na reli, kwa sababu nilikuwa na deni lake. Alifungua daftari kutafuta jina langu. Kurasa zilikuwa zimelowa mafuta hadi zikawa zinapitisha mwanga, lakini kila kitu kilikuwa pale kwa penseli, herufi kubwakubwa: nani alichukua mandazi 4 Jumanne, nani alilipa nusu, nani aliahidi Ijumaa. Nikamweleza habari ya Ngumo. Akaniangalia muda mrefu, akasema: "Mimi nakuandika deni la shilingi 20. Wewe kazi ya mwezi mzima huandiki?"

Kesho yake nilinunua daftari la kurasa 32. Nikaanza kuandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi niliyofanya, pesa niliyopewa. Mwaka uliofuata, katika nyumba nyingine, hesabu zilipokataa kukubaliana nilitoa daftari nikaliweka mezani. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mama wa nyumba alipitisha kidole chini ya tarehe moja baada ya nyingine, akanyamaza, akaenda chumbani akaleta pesa zilizobaki.

Basi turudi Gatina. Kenya ina kima cha chini cha mshahara, na kima hicho kinaitaja kazi yako. Agizo lililoanza kutumika Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Siku ya Leba mwaka huo, linasema kwamba mfanyakazi wa nyumbani, yaya, mtunza bustani, mfagiaji au mlinzi wa mchana aliye Nairobi, Mombasa au Kisumu asilipwe chini ya Sh16,113.75 kwa mwezi. Huo ni mshahara wa msingi. Kama hulali kwa mwajiri, juu yake kuna asilimia 15 ya nyumba, kwa hivyo unafika kama Sh18,530. Isome nambari hiyo taratibu. Zile Sh9,000 zako, kabla hata hazijaguswa, zilikuwa chini ya nusu yake.

Najua hukupewa mkataba wa maandishi. Wengi mnaniandikia mkisema, "Dada, mimi sina karatasi, kwa hivyo sina haki." Hapana. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Ni jukumu lake yeye. Na mambo yakifika mbele ya hakimu bila mkataba huo, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Hata yule anayeitwa kibarua, akishafanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Likizo ya siku 21 kwa mwaka ni yako. Siku moja ya kupumzika kila wiki ni yako, miezi 3 ya uzazi yenye malipo ni yako, notisi ya siku 28 ni yako. Na mshahara haupunguzwi kwa maneno ya jikoni. Masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana nawe, kisha akuarifu kwa maandishi.

Na ile pasi yangu? Sheria inaruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Pasi iliyokuwa imefungwa kwa nailoni haimo. Ningelijua hilo mapema, nisingesema asante siku ile.

Sasa, najua unachofikiria. Ukimwonyesha nambari hizi leo, kesho atasimamisha gari pale kando ya barabara ya kuingia Lavington, mahali ambapo kina mama huketi asubuhi na leso zao wakingoja kuitwa kufua, na atapata mtu wa kuchukua 7,000 yako. Hilo ni kweli. Ripoti ya Uchumi ya mwaka 2025 ilisema kati ya nafasi za kazi takribani 782,000 zilizopatikana nchini mwaka 2024, zaidi ya 700,000 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Maana yake ni vioski, boda boda, mjengo, kufua. Watu ni wengi kwenye kona ile kwa sababu milango mingine haijafunguka, na mwajiri anajua hivyo. Ndiyo maana nataka uende kwa akili.

Anza na karatasi. Leo jioni, mtoto akilala, andika siku uliyoanza kazi, mshahara mliokubaliana, saa zako, kila kazi unayofanya, na tarehe aliyokuita jikoni. Kisha fungua simu. Kama anakulipa kwa M-Pesa, kila ujumbe wa mshahara ni shahidi wako: nambari ileile, kiasi kilekile, mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi. Usizifute. Mwombe mtu unayemwamini akutolee taarifa yako ya M-Pesa mkaiweke mahali salama.

Halafu mwandikie mama wa nyumba ujumbe wa heshima. Si wa kumtisha. Kitu kama hiki: "Shikamoo mama. Nimefikiria yale uliyoniambia jikoni, kwamba mshahara utatoka 9,000 uwe 7,000. Naomba tuketi Jumamosi tuzungumze, kwa sababu kwa 7,000 sitaweza kulipa nyumba na kulisha mtoto." Ukiutuma huo, mambo mawili yametendeka. Umemheshimu, na yale maneno ya jikoni sasa yameandikwa, yana tarehe. Akikujibu hata kwa "sawa" tu, amekubali kwamba yalisemwa.

Jumamosi mkiketi, usianze na sheria. Anza na saa. Mwambie: kama pesa zimepungua kweli, basi siku zipungue. Kwa 7,000 nitakuja siku 3, na siku 2 nyingine niwe huru kutafuta nyumba nyingine. Wengi hawalifikirii hili. Mtu akikupunguzia pesa bila kukupunguzia kazi, amekukopa bila kukuambia, na deni hilo halirudi. Akikataa siku zipungue, hapo mwambie kwa upole kwamba serikali imeweka kima, na ungependa mkielekee hatua kwa hatua: 10,000 mwezi ujao, 12,000 kufikia mwisho wa mwaka. Kukubali hatua kwa hatua ili ulinde kazi hakumwondolei mwajiri deni la haki yako, na hakukufanyi wewe uache kumdai. Sheria haibadiliki kwa sababu umekubali kidogo kwa njaa.

Na akikufukuza? Hapo ndipo daftari litatembea na wewe. Wafanyakazi wa nyumbani wana chama chao, KUDHEIHA, na huhitaji ruhusa ya mwajiri kujiunga. Ofisi ya kazi ya serikali hupokea malalamiko. FIDA na Kituo cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Na usiogope neno "korti": kesi za kazi za watu wenye mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu, si lazima upande hadi korti kubwa ya ajira. Ila usikae na uchungu moyoni miaka na miaka. Madai ya kazi kwa kawaida yana miaka 3, na mengine miezi 12 tu tangu dhuluma ilipokoma. Nimewaona kina mama wakifika na kesi nzuri kabisa mwaka wa 5.

Lakini kuna jambo jingine linalonisumbua katika ujumbe wako, nami sitaki kulipita. Huyo mama wa nyumba, je, alikudanganya?

Sidhani. Hebu tumtazame. Tuseme ni mwajiriwa, analipwa Sh60,000. Hadi mwanzoni mwa 2023 alikuwa akikatwa Sh200 za NSSF kwa mwezi. Tangu viwango vilipopanda Februari 2025, anakatwa Sh3,600. Katikati ya 2023 ikaja tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wote, nayo ikamtoa Sh900. Oktoba 2024 bima ya NHIF ikaondoka, ikaja SHIF ya asilimia 2.75, hiyo ni Sh1,650. Mwaka ule wa 2023 ushuru wa mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba petroli Nairobi ikauzwa zaidi ya Sh211 kwa lita. Nauli ikapanda, unga ukapanda, karo haikushuka. Alipofunga mlango wa jikoni alikuwa ameshahesabu. Zile 2,000 alizokutoa wewe, huenda ndizo alizotolewa yeye.

Makato huteremka ngazi hivyo. Serikali ilikuwa inadaiwa, na mwaka 2023 deni la taifa lilivuka Sh trilioni 10. Ikamkata mwenye hati ya malipo. Naye hakuwa na mtu wa kumkata isipokuwa wewe. Wewe huna wa kumkata, labda mtoto, ukimpunguzia maziwa. Hakuna waziri aliyewahi kusimama bungeni akasema "tunamtoza msichana wa Gatina Sh2,000", lakini zimetoka kwake.

Ndiyo maana Juni 2024 vijana waliposema Mswada wa Fedha usipite, nilielewa hasira yao kabla sijasoma mswada wenyewe. Tarehe 18 Juni pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16 liliondolewa. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Wengine hawakurudi nyumbani, na mama zao wapo miongoni mwetu. Sitazungumza juu juu kuhusu siku hizo.

Nataka tu mjue kilichofuata, kwa sababu hakikupigiwa kelele. Desemba 2024 sheria nyingine ya kodi ilitiwa saini. Ndani yake kulikuwa na nafuu: SHIF na tozo ya nyumba sasa hutolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa, kwa hivyo kodi inapungua kidogo. Ni nafuu nzuri kwa anayelipa kodi hiyo, na kodi hiyo huanza kwa mshahara unaopita Sh24,000. Sasa mfikirie mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa vizuri, kwa sheria, Sh18,530. Anakatwa NSSF kama Sh1,111, SHIF kama Sh509, tozo ya nyumba kama Sh277. Jumla karibu Sh1,900. Kodi ya mapato hailipi, kwa hivyo nafuu haimgusi. Tozo ya nyumba huanza kumkata kutoka shilingi ya kwanza, na yeye analala kwenye chumba cha mabati, akilipia maji kwa mtungi.

Mimi naamini anayelipwa chini ya Sh24,000 hapaswi kukatwa tozo ya nyumba. Nalisema waziwazi, na nataka nanyi mliseme mahali linapoandikwa. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na Mei kamati hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi kabla ya Juni kwisha. Si lazima uwe msomi. Chama chenu cha wanawake 12 mkikutana Jumapili, mmoja aandike nusu ukurasa: sisi ni wafua nguo wa Kawangware, tunalipwa hivi, tunakatwa hivi, tunaomba hivi. Wote mtie sahihi. Nusu ukurasa wenye nambari halisi kutoka kwa anayefua ni vigumu kuupuuza kuliko kurasa 40 za wataalamu.

Na wewe ambaye hukatwi chochote kwa sababu mwajiri hajakusajili popote, usifurahi mapema. Siku mtoto akiugua utasimama dirishani ukiulizwa kama umelipa SHIF. Asiye na hati ya malipo hutozwa kulingana na kipato cha nyumba yake, kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipia mwaka mzima. Hapo ndipo penye uzito. Anayepata kwa siku anaambiwa alipe kwa mwaka. Kama kiwango chako ni kile cha chini, ni Sh3,600. Weka Sh10 kila siku kwenye kibubu, kabla ya sukuma, kabla ya tokeni ya stima. Mwaka ukiisha ziko 3,650. Nimewaona kina mama wa chama kimoja Kibera wakifanya hivyo pamoja, kila Jumapili Sh70 kila mtu, mweka hazina akiwalipia mmoja baada ya mwingine. Na wewe unayekatwa, hakikisha pesa zinafika. Omba taarifa ya NSSF. Mwajiri anayekata bila kupeleka amekuibia mara mbili, kwa sababu na yeye alitakiwa kuongeza asilimia 6 yake juu ya yako.

Sasa niongee na wewe unayeajiri, maana najua mnanisoma. Wengine wenu si matajiri. Mnakaa hukohuko Kawangware, kwenye zile ghorofa mpya, mnalipwa Sh28,000, mna mtoto wa miezi 8 na hamna pa kumwacha. Mmemleta binti kutoka kijijini, analala sebuleni, mnampa Sh6,000. Sikuiti mbaya. Lakini nakuomba ukae chini uangalie saa zake. Anaamka saa 11 asubuhi kukuchemshia maji, analala saa 4 usiku baada ya vyombo, na mtoto akilia usiku ni yeye. Usinunue saa 17 za mtu kwa Sh200 kwa siku. Kama huwezi kulipa mwezi mzima kwa haki, tafuteni jirani mwenye mtoto mdogo, mmwajiri mlezi mmoja mchana kwa pamoja, kila nyumba itoe sehemu yake, na jioni arudi kwake. Mpe Jumapili yake. Mpe pesa zake mkononi mwake au kwenye simu yake, usimtumie mamake zote kijijini kwa madai kwamba yeye ni mdogo hajui kutumia. Mshahara ni wa aliyefanya kazi.

Kuna kakangu mmoja pia ameniandikia kutoka Kibera, nimjibu kwa haraka. Anaamka saa 10 alfajiri, anafuata reli kwa miguu hadi Viwandani, anasimama langoni na wenzake mpaka msimamizi atoke aonyeshe kidole wewe, wewe na wewe. Siku nyingi kidole hakimfikii, anarudi kwa reli ileile jua likiwa utosini. Alikuwa Kazi Mtaani wakati wa korona, awamu ya pili, akilipwa Sh455 kwa siku, na ilipoisha hakupata kitu kingine mahali pake. Sasa kuna mtu anamwambia atoe Sh15,000 aingizwe kiwandani. Anataka kukopa kwenye simu.

Kakangu, usitoe. Anayeuza nafasi ya kazi ataiuza tena mwezi ujao kwa mwingine, na wewe utaambiwa mkataba umeisha. Na usikope kwenye zile apu kwa sababu ya chakula wala kwa sababu ya ahadi. Fuliza moja inaziba nyingine mpaka mshahara wa kibarua unaingia kwenye simu na kutoweka kabla hujauona. Kama ni lazima ukope kwa biashara ndogo, Hustler Fund hutoza asilimia 8 kwa mwaka kwa mkopo wa siku 14, ukianzia Sh500, na ukichelewa inapanda hadi 9.5. Kopa kitu ambacho kesho kitauzwa. Na siku kidole kikikuchagua kwenye mjengo, andika. Tarehe, jina la mahali, jina la msimamizi, malipo mliyokubaliana, wenzako wawili mliokuwa nao. Ukiumia, andika saa na waliokuona, kwa sababu fidia ya kuumia kazini ni haki hata ya kibarua, na jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba siku hiyo hukuwepo.

Nimerudi tena Gatina. Yule msichana tumeandikiana mara 3 wiki hii. Ameshatuma ule ujumbe. Mama wa nyumba alikaa nao siku nzima bila kujibu, kisha usiku akaandika: "Sawa, tuongee Jumamosi." Hatujui Jumamosi itazaa nini. Ameogopa, nami nimemwambia hata mimi ningeogopa.

Jana usiku alikaa na simu, mtoto amelala, akarudi nyuma kwenye jumbe za M-Pesa mwezi baada ya mwezi, akinakili kwenye daftari la hesabu la mwanawe lililobaki kurasa chache nyuma. Amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mwandiko umelala upande kidogo, na mahali pawili amefuta akaandika upya kwa sababu tarehe ilikosea. Amezihesabu zote. Ni jumbe 34, kutoka nambari moja.